Shangazi Anajibu: Tuanzie kwenye meza ya chai

Wasomaji wangu, mwezi huu barua karibu zote ni za watu wa ofisini, kitambi, presha, magoti, uchovu wa saa nane mchana. Nimechagua tano. Kwa wale wapya, mi si daktari, nilikaa ofisini kwa mahesabu miaka 19 mpaka siku moja nesi wa kliniki akanipima presha mara tatu kwa sababu hakuamini namba anayoiona, na tangu siku hiyo jambo hili nimelifuata kwa karibu sana, nasoma, nauliza manesi na madaktari, najaribu mwenyewe. Ninachowaandikia hapa ndo hicho.

Shikamoo Shangazi. Mi ni mtu wa utawala kwenye ofisi moja hapa Kampala, tuko wafanyakazi 34. Mwaka jana bosi alitulipia jimu, wiki mbili za kwanza watu walijaa, baada ya miezi miwili wamebaki watatu tu na hao hata zamani walikuwa wanaenda. Afu tukaanzisha mashindano ya kupunguza kilo, kila Ijumaa mtu anapanda mzani mbele ya wenzake. Dada mmoja alilia, sasa kila Ijumaa anasema anaumwa. Bosi anasema watu wetu ni wavivu. Tufanyeje? (Msomaji, Nakasero)

Marahaba mwanangu. Mzani uondoeni leo, usingoje Ijumaa. Na huyo dada mtafute mkiwa wawili tu, umwombe msamaha kwa niaba ya ofisi, kwa sababu mlichomfanyia kilikuwa kibaya hata kama nia ilikuwa nzuri. Uzito wa mtu ni siri yake na nesi wake.

Sasa hili la uvivu silikubali kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa utafiti wa nchi 168 kuhusu nani anatingisha mwili na nani hatingishi, na unajua nani aliongoza? Sisi Uganda. Watu wasiofanya mazoezi ya kutosha hapa kwetu walikuwa asilimia 5.5 tu, wakati dunia nzima ilikuwa zaidi ya robo, na Kuwait ilikuwa asilimia 67. Na si kwamba tuna jimu nyingi, hapana, ni kwa sababu mama anaamka anaenda shambani na jembe, mtoto anatembea kwenda shule, maji yanachotwa, mzigo unabebwa kichwani. Sasa mchukue mtu huyohuyo, mpe kiti cha kuzunguka, lifti, boda mpaka getini na chakula kinaletwa mezani, mwili wake utatingishwa saa ngapi? Hajabadilika yeye, siku yake ndo imebadilika. Kwa hiyo bosi akitaka watu wake wawe na afya, airekebishe hiyo siku ya kazi, maana ni yeye anayeipanga.

Ndo maana jimu ilishindwa. Jimu ni baada ya kazi, na baada ya kazi kuna jamu, kuna mtoto wa kuchukuliwa shule, kuna mama mgonjwa nyumbani. Wale watatu waliobaki angalia vizuri, nadhani hawana watoto wadogo au wanakaa karibu.

Mi ningeanza na meza ya chai, ile ya saa nne. Naijua vizuri hiyo meza. Chupa mbili za chai ya maziwa, ndoo ya plastiki ya mandazi imefunikwa na gazeti ambalo limeshalowa mafuta, na bakuli la sukari lenye kijiko kimoja kila mtu anakitumia, kinaingia kwenye chai kinarudi kwenye sukari, kwa hiyo kuna mabonge ya kahawia yameganda pembeni. Siku moja nilikaa pale makusudi nikahesabu. Mwenzangu mmoja, mtu mwembamba tu ambaye huwezi kumfikiria, aliweka vijiko vitatu, saa sita akarudi kikombe kingine vitatu, saa kumi vitatu tena. Tisa hivo. Mchana alikunywa soda ya mililita 500, ambayo ndani yake kuna gramu kama 50 za sukari, yaani vijiko 12 hivi. WHO wanasema sukari ya kuongeza isizidi vijiko kama 12 kwa siku nzima, na ikiwa 6 ndo bora zaidi. Yeye alifika 21 na alikuwa hajaenda nyumbani bado.

Hapo huhitaji hata kumhubiria mtu. Weka vijiko vidogo. Weka chai kavu, yaani bila maziwa, na tangawizi kwenye chupa moja, ya maziwa kwenye nyingine. Weka jagi la maji pale pale watu wanapopanga foleni. Mandazi yabaki siku mbili kwa wiki, siku nyingine iwe ndizi, nanasi limekatwa, papai, muhogo wa kuchemsha, karanga za kukaanga bila mafuta. Hatuna sababu bana, nanasi zinatoka Kayunga na Luwero zimejaa kila soko, na Nakasero wewe uko juu ya soko lenyewe.

Lakini kitu kimoja tafadhali, mama wa chai mshirikishe mapema. Yule mama ada za watoto zinatoka kwenye ile ndoo. Nimewahi kuona ofisi inatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mandazi marufuku kwa ajili ya afya, na mama wa watu amekuja asubuhi na ndoo imejaa, ameamka saa kumi usiku kukanda unga, anaambiwa arudi nayo. Hiyo afya ya nani sasa? Kaeni naye, mwambieni mtanunua matunda kwake, faida yake iwe ileile au izidi. Tena yeye ndo atakusaidia kuliko mtu yeyote, anajua sukari ya kila mmoja wenu.

Kingine, saa ya lanchi iwe saa ya lanchi kweli. Watu wanakula huku wanajibu imeili, hawajui hata wamekula kiasi gani. Mkila, dakika 15 za kutembea kuzunguka jengo, wawili wawili, mnapiga stori. WHO walibadilisha mwongozo wao mwaka 2020, zamani walisema mazoezi yawe angalau dakika 10 mfululizo ndo yahesabiwe, sasa kila kipande kinahesabiwa, hata ngazi za dakika mbili. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea ila kuimba huwezi, pamoja na siku mbili za kufanyisha misuli kazi. Zikifika 300 ni bora zaidi.

Mikutano ya watu wawili ifanyeni mkitembea. Ile ya asubuhi ya dakika kumi, simameni, na utaona hata yenyewe itafupika.

Na bosi aanze yeye. Hili nalisisitiza. Kama bosi anakula mezani kwake na anapanda lifti kwenda ghorofa ya pili, hakuna mfanyakazi atakayethubutu kutoka kutembea saa saba na nusu, ataogopa kuonekana hana kazi. Siku bosi atakapoonekana ameshuka na raba mguuni, wote watajua ruhusa ipo. Mwaka 2020 wakati wa lockdown watu walipokatazwa kukimbia barabarani, Rais Museveni alitoa video anakimbia kwenye zulia ndani ya ofisi yake, hana viatu, afu akapiga press-up 30, na alikuwa na miaka 75. Kila mtu na siasa zake, ila nakumbuka wazee wengi mtaani kwetu walianza asubuhi iliyofuata.

Shangazi habari. Nafanya kazi Jinja, ofisi ya mkopo. Nikienda lanchi nauliza chakula naletewa matooke, wali, posho (ugali), viazi na muhogo sahani moja, juu yake binyebwa, ule mchuzi wa karanga. Rafiki yangu amesoma kwenye simu kwamba matooke inanenepesha niache kabisa. Ni kweli? (Msomaji, Jinja)

Nzuri mwanangu. Matooke msiitukane. Ni ndizi, imepikwa kwa mvuke ndani ya majani, haina hata tone la mafuta, ina potasiamu ambayo moyo unaipenda (isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, hapo muulize daktari wako). Babu zetu walikula matooke wakaenda shamba.

Shida yako iko kwenye hiyo orodha. Hesabu tena: matooke, wali, posho, viazi, muhogo. Vyote vitano ni kitu kimoja, wanga, wamekupangia ndugu watano wa baba mmoja. Na si kosa la mama wa hoteli, kwa Kiganda emmere, chakula chenyewe, ndo hivo vitu vizito, vingine vyote ni enva, cha kusindikizia tu. Kwa hiyo ukisema nipe chakula, amekupa ulichoomba.

Badili unavyoomba. Mwambie, nnyabo (yaani mama), nipe matooke kidogo peke yake, au posho peke yake, maharage au samaki au mukene (dagaa), na mboga za majani nyingi, nakati, dodo, bugga, chochote alichonacho, mpaka zijaze nusu ya sahani. Mara ya kwanza atakushangaa na atakuwekea kijiko kimoja cha nakati pembeni kama pambo. Rudisha sahani kwa adabu, mwambie ongeza, punguza wali. Baada ya wiki atakuwa anakujua. Mi wa kwetu siku hizi akiniona mlangoni anacheka anaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya dodo.

Binyebwa ni nzuri, karanga ni chakula cha maana, ila ina mafuta yake, usiogeleshe sahani. Na chumvi usiongeze mezani, siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, na mchuzi wa hotelini tayari umeshabeba sehemu kubwa.

Jioni ukipitia rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, njiani sikukatazi. Mayai, nyanya, kabichi, hivo ni vizuri. Mwambie kijana aweke chapati moja badala ya mbili na mafuta apunguze, watu wanaona aibu kusema lakini yeye anakupikia unavyotaka.

Shangazi yangu, naandika nikiwa na huzuni. Nina miaka 38, nilianza kutembea na kuacha soda, nimepungua kilo 9, presha imeshuka, daktari amefurahi. Lakini ofisini kila mtu ananiuliza kama ni mgonjwa. Mmoja aliniambia mbele ya watu "nga okozze!", yaani jinsi ulivyokonda, kwa sauti ya msiba. Nasikia wananong'ona. Mume wangu naye mama yake anamuuliza kama ananilisha. Nimefikiria kuacha. (Msomaji, Mbale)

Mwanangu, usiache. Nakuomba usiache.

Nitakueleza hili linatoka wapi, maana vijana wengi hawajui. Miaka ya 80, ukimwi ulipoingia kwetu upande wa Rakai na Masaka, kabla watu hawajajua jina lake la kitaalamu waliuita "slimu", kwa sababu mtu alikuwa anakonda mbele ya macho yako mpaka anaisha. Tulizika. Familia zingine zilibaki na bibi na wajukuu tu. Mtu wa umri wangu akimuona anayempenda amepungua mashavu, moyo unapiga kabla akili haijafikiria. Na hata kabla ya hapo kwetu kuambiwa "ogezze", umenenepa, ni sifa, maana yake nyumbani kuna amani na chakula kipo. Kwa hiyo wengi wa hao wanaokuuliza wanaogopa kukupoteza, basi tu hawajui kusema vizuri.

Wanaonong'ona kwa ubaya nao wapo, sikatai. Hao waache.

Kwa wale wema, wape jibu fupi na ulirudie lilelile kila mara: "Niko mzima, presha ilikuwa juu, daktari aliniambia nitembee na niache soda, imeshuka." Basi. Ukisema neno presha watu wa ofisini wananyamaza, kwa sababu kila mmoja ana mtu wake mwenye presha, na wengine ni wao wenyewe ila hawajapima. Utashangaa, wiki ijayo mmoja atakuja pembeni kukuuliza ulianzaje. Mi kwangu alikuja yule aliyekuwa ananicheka kuliko wote, alinifuata mpaka kwenye ngazi akauliza kwa sauti ya chini kama 150 kwa 95 ni mbaya. Nilimshika mkono tukaenda kliniki siku hiyohiyo. Kuanzia 140 kwa 90, ikipimwa siku tofauti na inabaki hapo, hiyo ni presha ya kupanda na inataka daktari, na haisemi, unaweza kukaa nayo miaka kichwa hakikuumi hata siku moja.

Mama mkwe mpelekee zile karatasi za kliniki, namba ya kwanza na ya sasa, au umchukue siku ya kupima akae kwenye benchi na wewe asikie kwa nesi mwenyewe. Na mumeo aseme yeye, asikuachie wewe, ni mama yake.

Ila mwanangu, jambo moja la kweli: umepungua kwa sababu umefanya kazi, sawa. Kama kuna siku utaanza kupungua bila kufanya chochote, au una homa za usiku, au kikohozi kisichoisha, au kiu na mkojo mwingi, hapo nenda hospitali haraka. Kupungua kwa namna hiyo ni kitu kingine.

Shangazi, nakaa Mukono, ofisi iko Kampala Road. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, narudi saa tatu usiku sababu ya jamu. Mazoezi nitafanya saa ngapi? Usiniambie niamke saa tisa. (Msomaji, Mukono)

Sikuambii hivo, usingizi nao ni afya, na ukiukata utakula zaidi kesho yake.

Hiyo jamu itumie. Taksi yako, yaani matatu, ikifika Lugogo, na unajua pale asubuhi inavyokwama, shuka. Kutoka hapo mpaka Kampala Road ukitembea kwa mwendo mzuri ni dakika kama 30 au 40, na mara nyingi utaipita taksi uliyoiacha. Siku tatu kwa wiki tu. Viatu vya ofisi acha chini ya meza, tembea na raba, beba kitambaa na fulana ya kubadili. Ukiona mawingu, siku hiyo baki ndani ya taksi, mitaro ya Kampala mvua ikinyesha siyo ya kujaribu. Jioni giza limeshaingia usitembee peke yako kwa ajili ya mazoezi, hayana thamani hiyo.

Ofisini simama kila baada ya nusu saa, kajaze glasi ya maji, mfuate mwenzako mezani kwake badala ya kumpigia simu ya ndani. Wikendi chukua jerikeni mbili za lita 5, zijaze maji, kila mkono moja, zinyanyue na kuzishusha, kaa na kusimama kwenye kiti mara 15 bila kushika, pumzika, rudia. Robo saa umemaliza, na hiyo ndo sehemu ya misuli ambayo watu wengi wa ofisi wanaisahau kabisa, wanakuja kuikumbuka magoti yakianza kulia.

Dada, habari ya kazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, miaka 47, kiuno inchi 41, nakaa siku nzima na makaratasi ya malori. Vijana wa ofisi wamejiandikisha kukimbia kilomita 21 Kampala, nami nimelipa. Zimebaki wiki saba. Nianzeje? (Kaka yako, Busia)

Nzuri kaka yangu, na hongera kwa kuthubutu. Lakini hizo 21 waachie vijana mwaka huu, mbio nyingi za Kampala kama ya kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, zina kilomita 5 pia, waombe waandaaji wakubadilishie.

Inchi 41 ni sentimita 104, kwa mwanaume ikipita 94 hatari ya moyo na kisukari inaanza kupanda, na zaidi ya 102 imepanda sana, kwa hiyo wiki hii kabla ya kununua viatu nenda upime presha na sukari. Daktari akikubali, wiki mbili za kwanza tembea tu, dakika 30 siku tano, alfajiri kabla malori hayajajaza barabara na moshi. Wiki ya tatu changanya, dakika moja kimbia taratibu, mbili tembea, rudia mara nane. Wiki kwa wiki ongeza kidogo ya kukimbia. Kifua kikibana, pumzi ikakata vibaya, au kizunguzungu, simama hapohapo na uende hospitali, usijikaze kwa ajili ya vijana wanaokuangalia.

Na kwenye kile kibanda chenu cha makaratasi, muhuri na stepla weka meza ya pili ili kila lori likija unyanyuke. Ukimaliza zile kilomita 5 niandikie muda wako, nitauchapisha hapa.